Kamba Iliyoitwa Hamsini

Kila asubuhi, kabla mguu wake haujagusa sakafu, Mama Mdogo alikuwa anaweka vidole viwili chini ya taya, anaikodolea macho saa ya ukutani, na anahesabu. Dakika nzima. Katika dakika hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza, kupiga chafya wala kugonganisha vikombe. Akimaliza anafungua mlango wa kabati, anachukua kipande cha chaki ya fundi cherehani, anaandika namba kwa ndani, chini ya namba ya jana. Ndipo anatusalimia.

“Sabini na nane,” alisema siku ya kwanza.

“Ndio umri wangu?” Bibi akauliza kutoka kitanda cha pili.

“Mapigo ya moyo, mama.”

“Moyo nao unahesabiwa? Ukikuta limepungua moja utakwenda kulitafuta wapi?”

Mama Mdogo ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea. Alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachofua shuka za hospitali na za hoteli. Miaka kumi na moja alisimama mbele ya meza ileile, pasi ya mvuke ikining'inia kwenye bomba lake, mpaka watu wakamwita Pasi na yeye akaitika. Mimi nilikuwa meza ya foronya, hatua sita kutoka kwake. Foronya hazihitaji maneno mengi, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutazama.

Yote yalianza miaka miwili nyuma, siku rundo la shuka liliposhika moto chumba cha kukaushia. Zimamoto wakaja. Mmoja wao alikuwa mwanamke, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi, mpira wa maji begani. Alimpita Mama Mdogo mlangoni, akamwambia, “Dada, sogea,” akaingia kwenye moshi. Neno lenyewe ni hilo tu, lakini Mama Mdogo alilirudia nyumbani wiki nzima. Dada sogea, akaiambia sufuria. Dada sogea, akamwambia paka. Alipomwambia Bibi akatupiwa kandambili.

Sasa zimamoto walikuwa wanaandikisha tena wanawake, kama wanavyofanya kila baada ya miaka miwili. Kubeba mzigo begani, aliweza. Kupanda ngazi ndefu, aliweza. Kusoma na kuandika, aliweza kutuzidi wote. Kilichobaki ni mbio: ndani ya dakika kumi na mbili uwe umemaliza mita elfu mbili na mia sita. Na uwe hujatimiza miaka thelathini na mitano. Mama Mdogo angetimiza siku tisa baada ya mtihani. Yaani ni mara hii, au asahau.

Alikuwa na miezi minne ya kujiandaa. Akaanza kwa kasi ya mwizi aliyeonwa. Kila mchana, wenzake wakila, yeye anazunguka uwanja wa kuanikia nyuma ya kiwanda mpaka macho yanageuka, halafu anakwenda kutapika ukutani mwa chumba cha boila, ule mtambo unaochemsha maji ya mvuke wa pasi. Baada ya wiki mbili namba za kabatini zilikuwa zimepanda. Themanini. Themanini na mbili. Ngazi ya kwenda ghala ikawa inamshinda, ile aliyokuwa anaipanda na furushi kichwani.

Mwenye chumba cha boila hakufurahi.

“Dada Pasi,” alisema, “kama ni kutapika, upande wa pili kuna ukuta mzuri tu.”

Na yeye aliitwa Boila, kama mtambo wake. Alikuwa mtu mnene, kitambi kinatangulia yeye anafuata, na kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ndoo aliyoipindua, kutazama mshale wa presha. Alisema aliwahi kuwa mkimbiaji wa jeshi, mbio ndefu. Hakuna aliyemwamini.

“Unakimbiaje?” akamuuliza.

“Kwa nguvu zangu zote.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Si ndiyo mazoezi?”

Boila akagonga mtambo wake kwa kifundo cha kidole. “Huyu nikimwashia moto wote saa moja asubuhi, akiwa baridi, atafanya nini?”

“Atapasuka.”

“Basi nawe unapasuka. Keti.”

Akamweleza, na mimi nilikuwa nimekuja na foronya zilizolowa, nikasikia yote. Alisema watu wakiishiwa pumzi wanalaumu mapafu, na mapafu mara nyingi hayana kosa, hewa yanaivuta ya kutosha. Kazi ni kuifikisha. “Moyo ndio pampu. Damu ndiyo inayobeba ile hewa. Misuli ya miguu ndiyo pasi zenu kule ndani, zinangoja mvuke. Pampu yako ni ndogo, inapiga haraka haraka na kila pigo linatoa kijiko. Tunataka pampu iliyotanuka, ipige mara chache na kila pigo litoe kikombe. Halafu kuna mabomba membamba ndani ya msuli, membamba kuliko unywele. Hayo huwezi kuyanunua. Yanaota yenyewe, taratibu, ukikimbia polepole kwa muda mrefu.”

“Polepole kiasi gani?”

“Kiasi cha kumsengenya mtu bila kukata sentensi.”

“Kwa kusengenya,” Fundi akadakia kutoka mlangoni, “mtafute mwingine wa kumfundisha. Huyo kazaliwa amefuzu.”

Fundi alikuwa mshona viraka wetu, mwanamke mwembamba, futi ya kupimia iko shingoni mwake kama mkufu. Alikuwa anakaa mtaa mmoja na sisi na alikuwa na baiskeli. Kwa hiyo ikaamuliwa hapo hapo: kila asubuhi Mama Mdogo atakwenda kazini kwa njia ndefu, dakika arobaini, kwa miguu, mwendo wa kukimbia, na Fundi pembeni yake kwa baiskeli. Lazima wazungumze njia nzima. Mama Mdogo akianza kujibu kwa neno mojamoja, Fundi apige kengele, mwendo upunguzwe.

Wiki za kwanza ilikuwa aibu tupu. Watoto wa shule waliwapita wakitembea. Muuza maziwa akauliza, “Unamsindikiza mgonjwa?” Kinyozi akatoka mlangoni na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, wote wawili wakamtazama mpaka akapinda kona.

“Yule anakimbia au anakwenda kuazima chumvi?” mteja akauliza.

“Anakimbia,” Fundi akajibu. “Ila hana haraka.”

Lakini moyo ulisikia. Namba zikaanza kushuka. Sabini na sita, sabini na nne, sabini na nne, sabini na moja. Bibi, ambaye mwanzo alikuwa anacheka, akawa wa kwanza kuamka na kunyamaza. Akishasikia namba anaitikia “Haya,” kama mtu aliyepokea salamu.

Wiki ya saba Boila akaongeza dawa. Mara mbili kwa wiki, mchana: dakika nne za kukimbia kwa nguvu, mpaka huwezi kusema zaidi ya “ndiyo” au “hapana”, halafu dakika tatu za kujikokota. Mara nne. “Polepole imekujengea mabomba,” alisema. “Sasa tunaifundisha pampu kujaa mpaka juu. Ila si kila siku. Ukila pilipili kila mlo, ulimi hautaonja kitu kingine.”

Mama Mdogo akiwa kwenye dakika zile nne, Boila anamwuliza maswali kwa makusudi.

“Umeolewa?”

“Hapana.”

“Unamtaka Msimamizi?”

“Hapana.”

“Ulisema haraka. Bado una pumzi. Ongeza mwendo.”

Msimamizi wetu alikuwa dirishani, ana mafungu mawili ya funguo kiunoni. Akafunga dirisha.

Ili kujua kama atafika mita zile elfu mbili na mia sita, ilibidi tangu mwezi wa kwanza uwanja wa kuanikia upimwe. Hilo lilikuwa jambo dogo. Kiwandani kuna kamba ndefu ya nailoni, ile inayobeba shuka za vitanda vikubwa, na jina lake ni Hamsini, kwa sababu ni mita hamsini. Ilinunuliwa hivyo, ikaitwa hivyo. Mtu anasema tu, “Anika kwenye Hamsini,” na hata mgeni wa juzi anajua ni ipi. Wakaifungua kutoka kwenye nguzo, yote, wakaivuta kuzunguka uwanja na ghala. Ikaenea mara sita kamili. Mita mia tatu. Boila akachora mstari wa mkaa ukutani, kazi ikaisha.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu mimi: mizunguko minane na theluthi mbili za wa tisa.

Siku ya jaribio Fundi alikuwa anakaa kwenye kreti na kikapu cha vibanio vya nguo. Kila Mama Mdogo akipita mstari, anabana kibanio kimoja kwenye kilemba chake mwenyewe. Mwezi wa kwanza vilikuwa vibanio sita. Mwezi wa pili saba. Mwezi wa tatu vinane, na Fundi alionekana kama nungunungu, wanawake wa meza ya kukunja wakapiga vigelegele. Boila akainuka kwenye ndoo, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla ya saa za kutoka.

Kisha ikabaki pale pale. Jaribio la wiki tatu kabla ya mtihani, vinane. Wiki mbili kabla, vinane tena na hatua chache. Na kabatini, moyo ulikuwa umefika hamsini na nane.

“Sielewi,” Boila akasema. Alikuwa ameshika saa kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. “Kwa kifua hiki, kwa namna unavyorudisha pumzi, ungekuwa umeshapita. Kifua kinasema hili, uwanja unasema lile.”

Mama Mdogo alikuwa ameinama, mikono magotini. “Uwanja haudanganyi, kaka. Mwili ndio huu. Umefika mwisho wake.”

“Bado wiki mbili.”

“Wiki mbili za kuota theluthi mbili ya mzunguko? Labda niote mabawa.”

Hakulia. Alirudi mezani, akapiga pasi shuka arobaini, na zote zilitoka zimenyooka kuliko kawaida, hiyo ndiyo iliyonitisha. Nyumbani alichukua kitambaa, akakilowesha, akafungua mlango wa kabati na kufuta namba zote, kuanzia sabini na nane mpaka hamsini na nane. Ikabaki mbao yenye ukungu mweupe.

Asubuhi aliamka, akaenda moja kwa moja kuosha uso.

Bibi alikuwa amekaa kitandani amebana midomo, anangoja. Akangoja. Mwisho akasema, “Leo hatunyamazi?”

“Leo zungumza upendavyo, mama.”

“Sina la kuzungumza. Nilikuwa nimeshazoea.” Akavuta shuka mpaka kidevuni, akatugeuzia mgongo.

Kazini siku hiyo walitembea, Fundi akikokota baiskeli. Haikufika hata saa nne, Msimamizi akatoka uwanjani akipiga kelele kwamba shuka za hoteli zinafagia vumbi, nani kazi yake kukaza Hamsini. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Mdogo tangu zamani. Kila mwezi kamba inalegea kwa uzito wa shuka mbichi, kila mwezi yeye anafungua fundo kwenye nguzo ya mwisho, anavuta mpaka ikaze, anafunga tena, na ile kamba iliyozidi anaizungusha kwenye nguzo. Wanaiita mkia.

Akaenda. Mimi nilikuwa na beseni la foronya, Fundi alikuwa amekuja kutafuta shuka iliyochanika. Mama Mdogo akavuta, akafunga, akaanza kuzungusha mkia. Mzunguko mmoja, miwili, mitano, tisa.

“Kamba yako imezidi ng'ombe kwa mkia,” Fundi akasema, kwa utani tu.

“Si unaota kila mwezi, hujui wewe? Tulipoinunua haukuwepo kabi...”

Mkono wake ukasimama.

Akautazama mkia. Akatazama ile nguzo nyingine, mbali kule, iliyosimikwa kwa saruji na haijawahi kusogea hata kidole. Kisha akamtazama Fundi, na Fundi alikuwa tayari anaivua futi shingoni.

Walishusha shuka zote za hoteli, wakazirundika juu ya beseni langu, wakaifungua kamba na kuilaza chini. Fundi akapima kwa futi yake, ile ya mita moja na nusu, anatambaa kwa magoti, mimi nahesabu. Thelathini na tatu, hapo ilibaki nusu mita tu kufika hamsini, na kamba bado ipo. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Na kipande cha nusu mita juu yake.

Ile hesabu tuliifanya mara tatu mchangani kwa kijiti, kwa sababu mimi shule niliiacha mapema na wao walikataa kuamini. Kila mara ilitoka ileile. Hamsini ilikuwa mita hamsini na nne na nusu. Mara sita, mita mia tatu ishirini na saba. Mara mizunguko minane, mita elfu mbili mia sita na kumi na sita.

“Mita kumi na sita,” Mama Mdogo akasema polepole. “Nimezidisha mita kumi na sita.”

“Mimi kila kitu nakipima mara mbili kabla ya kukata,” Fundi akasema, bado yuko kwenye magoti. “Kila kitu isipokuwa hiki.”

“Na mimi naivuta kila mwezi. Miaka saba. Kwa mikono hii.”

Boila alipoelezwa alikaa chini, si kwenye ndoo, chini kabisa, akacheka mpaka kitambi kikawa na safari zake. Alisema jeshini aliona watu wakidanganya uwanja ili wafaulu. Wa kuudanganya ili wafeli, hajapata kuwaona ila kiwanda hiki. Msimamizi alikuja kuuliza shuka zimelala chini kwa nini. Alipotajiwa sababu alishika kiuno, funguo zikalia, halafu akasema kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: “Basi zifuliwe tena. Na huyu aende mapema leo, akapumzike miguu.”

Asubuhi iliyofuata Bibi aliamshwa na chaki ikikwaruza kabati.

“Ngapi?”

“Hamsini na saba.”

“Haya,” akasema Bibi, akalala tena.

Siku ya mtihani tulikuwa watu wachache kwenye uwanja wa shule, lakini tulipiga kelele za watu wengi. Wasichana waliokimbia naye walikuwa wadogo, wengine rika langu. Filimbi ilipolia wakachomoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mama Mdogo akabaki nyuma, wa mwisho, na nikaona midomo yake inacheza.

“Anaomba Mungu?” Fundi akaniuliza.

“Anasengenya,” Boila akasema. “Nilimwambia mzunguko wa kwanza amteue mtu mmoja na ammalize.”

Pale mzunguko ni mita mia nne, wamepima wenyewe kwa utepe wa chuma. Alihitaji sita na nusu. Kufikia wa tatu wasichana walianza kushika mbavu. Alimpita wa kwanza, wa pili, kisha wawili kwa pamoja. Midomo haikucheza tena. Kwenye wa tano Boila akasimama juu ya benchi, benchi likalalamika, naye akapaza sauti, “Dada Pasi, umeolewa?”

“Hapana,” akajibu akipita.

“Amejibu vizuri,” Boila akatuambia. “Ana moto bado.”

Filimbi ya mwisho ilipolia kila mtu alisimama pale alipo, kama walivyoagizwa. Mama Mdogo alikuwa ameshaupita mti mwekundu uliosimikwa kuonyesha mita elfu mbili mia sita. Si kwa hatua moja. Walipopima walikuta mita arobaini na tatu mbele yake. Waliofika walikuwa kumi na mmoja, na yeye alikuwa wa nne. Ofisa aliyekuwa anawapanga mstari alikuwa mwanamke mrefu, daftari mkononi. Akamgusa bega.

“Dada, sogea upande huu,” akamwambia.

Kama ndiye yule wa siku ya moto, Mama Mdogo hakuweza kujua, ile kofia ilimfunika sana. Lakini alisogea. Alisogea akicheka na kulia, vyote mara moja, na ofisa akamwuliza kama anajisikia vibaya.

Walimpa wiki tatu ajitayarishe kuingia chuo cha zimamoto. Alifanya kazi mpaka siku ya mwisho, mpaka dakika ya mwisho, Msimamizi mwenyewe akamwambia aache na yeye hakuacha. Boila alimpa kipande cha mkia wa Hamsini, mita nne na nusu, kimeviringwa vizuri na kufungwa kwa waya. Kamba yenyewe sasa ilikuwa hamsini kweli.

Shuka ya mwisho aliikunja na Fundi. Shuka ya kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili: kila mmoja anashika pembe zake, mnavuta inyooke, mnakwenda mkikutana, pembe kwa pembe, mnarudi, mnakutana tena. Walikutana mara ya kwanza, wakarudi nyuma. Walikutana mara ya pili.

“Sasa nitamsengenya nani, na nani,” Fundi akasema.

“Nisengenye mimi. Ila polepole, usikate sentensi.”

Walikutana mara ya tatu. Mama Mdogo akaziacha pembe zake mikononi mwa Fundi, akaipiga ile shuka kofi dogo kama mtu anavyompiga mtoto mgongoni akishiba. Akaitundika pasi. Akachukua mfuko wake na ile kamba, akapita meza ya foronya, akanigusa kichwani, akatoka.

Kwa miezi alikuwa analipita lango la kiwanda akikimbia kila asubuhi. Siku hiyo alitembea. Nilimtazama dirishani mpaka akafika kwa kinyozi, akapinda kona, na mvuke wa pasi yake ulikuwa bado unapanda.